Mtoto Aliyeshuka Segera

Basi litokalo Dar es Salaam likishaziacha Mkata na Kabuku, kondakta husimama mlangoni na kupaza sauti: "Segera! Wa Tanga mnashukia hapa!" Hapo ndipo barabara inapogawanyika. Kulia kuna Hale, Muheza na Tanga. Kushoto kuna Korogwe, Mombo, Moshi na Arusha. Wauza machungwa, mayai ya kuchemsha na maji ya chupa hukimbilia madirishani, chenji hupishana na bidhaa, na punde basi limeshaondoka. Watu wengi nchini wanaijua Segera kwa dakika hizo chache tu.

Tuseme jioni moja basi limeondoka na mtoto amebaki. Ana miaka kama saba. Hajui jina la wilaya ya kwao, anajua tu kwamba bibi yake anaitwa Bibi na kwamba nyumba yao iko mlimani. Aliyekuwa naye safarini haonekani. Giza linaingia, na mama lishe mmoja aliyekuwa akifunga biashara yake anamwita, anampakulia wali na maharage, kisha anasema kile ambacho wanawake wengi wa mahali kama hapo wangesema: "Haya mwanangu, leo utalala kwangu."

Kwa usiku ule, neno hilo linatosha. Lakini kesho yake? Na kama mwezi utapita bila bibi kupatikana? Na kama ikibainika kwamba huko alikotoka alikuwa akipigwa, na kumrudisha ni kumrudisha kwenye fimbo? Kati ya usiku mmoja wa huruma na miaka kumi ya malezi kuna njia ndefu, na Tanzania imeiwekea njia hiyo sheria, ofisi na majina. Walio wengi hawaijui mpaka siku mtoto wa watu anapoketi jikoni kwao.

Hakuna mtoto wa njiani

Kiserikali Segera ni kata ya Wilaya ya Handeni. Kimaisha, mji ulio jirani ni Korogwe, kilomita zisizofika ishirini, ambako kuna Hospitali ya Magunga. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kama mtoto aliyeachwa na basi la Arusha ni wa Handeni, wa Korogwe au wa huko alikotoka. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inaukata ubishi huo mapema: serikali ya mtaa ina wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Haisemi mtoto aliyezaliwa humo, wala mtoto ambaye baba yake analipa kodi humo. Akiwa hapo, ni wao wanaowajibika.

Sheria hiyohiyo inamgusa pia mama lishe na kila aliyekuwa pale stendi. Mwananchi anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa, au kwamba mzazi au mlezi ana uwezo wa kumtunza lakini hataki, anapaswa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Kwa maneno ya kila siku, kumlaza mtoto wa watu usiku mmoja bila kumwambia mtu ni wema, lakini kuendelea kumlaza wiki nzima bila kumwambia mtu kunaanza kufanana na kumficha. Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au simu ya bure namba 116 ambayo ni ya huduma kwa mtoto nchi nzima: mlango wowote kati ya hiyo ukigongwa, taarifa humfikia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Afisa huyo ndiye mhusika mkuu wa habari hii, ingawa si mtu maarufu. Wengi humjua kama mtu wa ugomvi wa ndoa na matunzo ya watoto. Kazi yake kwa mtoto wa Segera ni kuuliza maswali matatu kwa mpangilio. Je, mtoto anaweza kurudi kwao salama? Kama hawezi, je, yuko ndugu, awe shangazi, mjomba au bibi, anayeweza kumpokea? Kama ndugu hapatikani au hafai, je, ipo familia nyingine? Makao ya watoto yanatakiwa kuwa jibu la mwisho. Mwaka 2009, uleule ambao Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Mtoto, Umoja wa Mataifa nao ulitoa miongozo ya malezi mbadala inayofuata mpangilio huohuo: familia kwanza, taasisi baadaye.

Majina matatu, ahadi tatu

Familia inayompokea mtoto asiye wake inaweza kufanya hivyo kwa namna tatu zinazotajwa sana nchini, na kuzichanganya huleta majonzi mengi.

Ya kwanza ni ya dharura. Katika baadhi ya halmashauri wapo watu waliokwisha kuchunguzwa na kuandaliwa, ambao huitwa familia za kuaminika. Afisa akipiga simu saa nne usiku kwamba kuna msichana aliyekimbia ndoa, au mtoto aliyeokotwa barabarani, familia hiyo hufungua mlango. Mtoto hukaa siku au majuma wakati polisi, mahakama na ustawi wa jamii wakishughulikia mambo yake. Haja ya milango hiyo si ndogo. Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwa wavulana ni 1 kati ya 7. Mtoto aliyeumizwa na mtu wa nyumbani hawezi kuambiwa arudi nyumbani akasubiri kesi.

Ya pili ni malezi ya kambo. Hapa mlezi hupewa mtoto kwa kipindi kirefu zaidi, kwa idhini ya maandishi, naye hubeba malezi ya kila siku: chakula, shule, matibabu, nidhamu, mapenzi. Lakini mtoto hubaki na jina lake na ukoo wake, na kama mambo ya kwao yakitengemaa, atarudi. Mlezi wa kambo anajua tangu siku ya kwanza kwamba huenda siku moja atamfungia mtoto mzigo.

Ya tatu ni kuasili. Hii huamuliwa na Mahakama, na ikishaamuliwa, mtoto anakuwa wa familia mpya moja kwa moja, kama aliyezaliwa humo. Mgeni asiye Mtanzania anayetaka kuasili anatakiwa kwanza awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Kwa anayetaka kuasili, malezi ya kambo ndiyo hatua ya kupitia: mtoto na mlezi huishi pamoja kwanza, wakatazamwa, ndipo faili liende mahakamani.

Anayeingia kwenye malezi ya kambo akidhani amepata mtoto wa kuasili ataumia. Na anayemwambia mtoto "sasa mimi ndiye mama yako wa milele" huku shauri bado liko mezani atamwumiza mtoto.

Tatizo la neno

Lugha yenyewe imewawekea walezi kikwazo. Mswahili akisikia "kambo" anamwona mama wa kambo wa hadithini, anayempa mwanawe nyama na mtoto wa mwenzake ukoko. Kwa hiyo afisa anaposimama mkutanoni na kutangaza kwamba Serikali inatafuta wazazi wa kambo, watu hucheka kwanza, na baadhi hudhani zinazungumzwa ndoa za pili. Ndiyo maana wengi wanaojitolea husema tu "ninalea", au "ni mtoto wa kulea".

Methali nazo haziwi upande wa mtoto kila mara. Mkono mmoja haulei mwana, ni kweli. Lakini katika nyumba zilezile husemwa pia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Siku kijana wa kulea anapochukua shilingi elfu moja juu ya kabati, jirani hatasema kwamba watoto wa umri ule huiba. Atasema: damu. Mwanawe wa kuzaa alifanya hivyohivyo mwaka jana na hakuna aliyetaja damu.

Kulea kwa zamani, na deni lake

Uzigua, ambako Segera imo, haukuanza kulea watoto wa wengine kwa sheria ya 2009. Wazigua ni miongoni mwa makabila ya mashariki ya Tanzania, pamoja na Waluguru na Wakaguru, ambayo kwa jadi yalihesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika mpango huo mjomba hakuwa mgeni wa sikukuu. Alikuwa na mamlaka na wajibu juu ya watoto wa dada yake, na mtoto aliyefiwa na baba hakubaki bila mwanamume wa kumsemea. Mpaka leo, kutoka Handeni hadi milima ya Usambaa, mtoto kuhama nyumba ya wazazi kwenda kwa bibi, kwa shangazi au kwa kaka mkubwa si jambo la kushangaza. Anayelelewa na bibi yake haitwi mtoto wa kambo. Anaitwa mjukuu.

Tatizo ni kwamba ukoo nao huishiwa nguvu. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwasukuma Wazigua wengi pwani. Simulizi za wajukuu zao husema waliahidiwa kazi na chakula, wakapakiwa majahazini na kuishia utumwani Somalia, katika bonde la Mto Juba. Kizazi baada ya kizazi walihifadhi lugha yao, Kizigula, na vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbia kurudi nchi ya mababu. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, ndani ya Wilaya ya Handeni. Ni habari ya kurudi nyumbani, lakini chanzo chake ni wakati ambao kaya zilishindwa kulisha watoto wao. Katika zama hizo za njaa mtoto aliweza pia kuwekwa rehani kwa mwenye ghala. Alipata pa kulala na cha kula, naye alikuwa dhamana ya deni.

Historia hiyo inatusaidia kuuliza swali gumu la leo. Barabara ipitayo Segera hubeba pia wasichana wanaotoka vijijini kwenda kwa "anti" au "mjomba" mjini, kwa ahadi ya kusomeshwa. Wapo wanaosomeshwa kweli. Wapo wanaoamka saa kumi na moja kuosha vyombo na kulala saa sita, na sare ya shule hawajaiona. Kwa jirani aliye nje ya ukuta, nyumba hizi mbili zinafanana: familia yenye uwezo imemchukua mtoto wa ndugu. Tofauti yake haionekani mpaka mtu mwenye mamlaka agonge mlango, aketi, amwite mtoto kando na kumwuliza anasoma darasa la ngapi.

Mfano unaojulikana sana ni wa Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi mkubwa wa ukoo aliyeahidi kumpa elimu Ulaya. Aliingia London mwaka 1999. Februari 2000 alifariki, akiwa na miaka minane, kwa mateso aliyoyapata mikononi mwa shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulibaini nafasi zisizopungua 12 ambazo maofisa wangeweza kuingilia kati wakazipoteza, na mwaka 2004 Uingereza ikabadilisha sheria zake za ulinzi wa watoto. Wazazi wa Victoria hawakufanya jambo geni. Walifanya lile ambalo maelfu ya wazazi wa Afrika hulifanya kila mwaka: walimwamini ndugu. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama na kuamini macho yake.

Kwa hiyo, mlezi mpya anapolalamika kwamba afisa ustawi anamtembelea kama anayemshuku, hajaelewa bado alichokiomba. Matembezi yale ndiyo yanayoutenganisha ulezi na utumikishwaji.

Barua, nyumba, majirani

Mtu anayetaka kuwa mlezi anaanzaje? Anaanza kwa kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri anayoishi. Maombi huandikwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, ambaye sasa yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na hupitia kwa afisa wa halmashauri. Sheria inamtaka mwombaji awe mtu mzima mwenye tabia njema na uadilifu uliothibitika. Haimtaki awe tajiri.

Kisha unakuja uchunguzi wa kijamii, na hapa ndipo wengi hupata mshangao. Afisa huja nyumbani. Anataka kuona mtoto atalala wapi, na na nani. Anauliza kipato kinatoka wapi: duka, shamba la mahindi, bodaboda, mshahara. Anazungumza na mume na mke kila mmoja kwa wakati wake, kwa sababu mara nyingi mmoja anataka mtoto na mwingine anakubali ili yaishe. Anazungumza na watoto wa nyumba ile. Anapita kwa majirani na kwa mtendaji, kwa sababu majirani wanajua nani hupiga na nani hulewa. Hali ya afya nayo huangaliwa. Mwishoni anaandika taarifa, na taarifa hiyo ndiyo inayosafiri kwenda juu.

Kwa mujibu wa utaratibu, mtoto naye husikilizwa kulingana na umri wake. Mtoto wa miaka saba anaweza kusema kama anaogopa mbwa, giza au wanaume. Kijana wa miaka kumi na nne anaweza kusema kwamba hataki kuhama shule kwa sababu mwalimu mmoja tu ndiye anayemwelewa, na maneno hayo yanastahili kuandikwa.

Suala la fedha lisemwe wazi. Nchini Uingereza mlezi wa namna hii hulipwa posho ya mtoto kila wiki, na wapo wanaoifanya kuwa kazi. Tanzania haina malipo ya kila mwezi kwa walezi wa kambo, wanaojitokeza hujitolea. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na sita, imepunguza mzigo. Lakini haikuondoa sare, madaftari, viatu na chakula. Hata mipango ya afya hukumbusha kwamba kaya zina ukubwa wake: bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilipangwa kwa mchango wa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mtoto wa kulea huwa mara nyingi ndiye wa saba.

Chapati chini ya mto

Barua ikishajibiwa na mtoto akishafika, kazi yenyewe ndiyo inaanza, na haifanani na ile iliyokuwa ikiwaziwa.

Mtoto aliyewahi kulala njaa huficha chakula. Mama wa nyumba hutandika kitanda na kukuta nusu chapati chini ya mto, tayari ina sisimizi. Akimchapa kwa wizi, amemthibitishia mtoto kwamba chakula cha nyumba hii nacho kina mwisho. Walezi wenye uzoefu humwonyesha mtoto mahali ambapo daima patakuwa na kitu, ndizi mbili au kiporo, na kumwambia hiki ni chako hata usiku. Huchukua majuma, wakati mwingine miezi, kabla mto haujawa mto tu.

Mwingine hukojoa kitandani akiwa na miaka tisa. Mwingine halii hata akijikata, kwa sababu huko alikotoka kilio kilileta kipigo. Mwingine ni mtiifu mno: anafagia kabla hajaambiwa, anaamkia kila apitaye, hachezi. Wageni humsifu kwa adabu. Mlezi anayejua kazi yake huingiwa na wasiwasi, na hufurahi siku mtoto huyo anapogoma kwa mara ya kwanza kuosha sahani.

Watoto waliozaliwa ndani ya nyumba nao wana hesabu zao. Kitanda kilichokuwa cha mtu mmoja sasa ni cha wawili. Baba akimnunulia mgeni viatu, wao huangalia vyao. Nyumba zinazofaulu ni zile ambazo jambo hili lilizungumzwa kabla, na ambazo sheria za nyumbani ni moja kwa wote: anayechelewa anaulizwa, anayevunja anakiri, na nyama hugawiwa kwa macho ya wote.

Mtoto anaweza pia kuja na kadi ya kliniki. Wapo wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliozaliwa navyo, na wanahitaji dawa za kufubaza makali kila siku kwa saa ileile. Mlezi anapaswa kujua hilo kabla ya kumpokea, kujua kliniki iko wapi, na kujua kwamba siri hiyo ni ya mtoto, si ya mtaa.

Vijana ndio wanaokosa walezi. Kila mtu anataka kichanga au mtoto wa miaka mitatu, lakini kijana wa miaka kumi na tano anakuja na simu, marafiki, hasira na historia. Sheria humhesabu kuwa mtoto hadi afikishe miaka 18, na siku inayofuata anaweza kujikuta amesimama kizingitini na begi. Uingereza iliona pengo hilo, na mwaka 2014 ikaweka utaratibu wa kijana kubaki kwa mlezi wake hadi miaka 21 wote wawili wakitaka. Huku kwetu jambo hilo linategemea moyo wa mlezi: wapo ambao hawakujua kama miaka 18 ilikuwa mwisho wa chochote, wakaendelea kumpikia kijana mpaka akamaliza chuo cha ufundi.

Jina la baba hubaki

Katika mkoa kama Tanga, wenye Waislamu wengi, swali la dini hujitokeza mapema. Uislamu unasisitiza sana kumlea yatima. Mtume Muhammad mwenyewe alizaliwa baba yake ameshafariki, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Lakini Uislamu haukubali kulifuta jina la baba na kumwingiza mtoto katika nasaba isiyo yake. Njia yake huitwa kafala: kumtunza mtoto kwa hali na mali huku akibaki fulani bin fulani. Hairithi moja kwa moja kama mtoto wa kuzaa, ingawa mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali yake.

Ukitazama vizuri, kafala na malezi ya kambo vinakaribiana kuliko watu wanavyodhani, maana vyote viwili humwacha mtoto na ukoo wake. Zanzibar iliitambua kafala katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na Kenya katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mwislamu wa Segera au Korogwe anayesita kwa kuhofia kubadili nasaba anaweza kumwuliza shehe wake na afisa ustawi kwa pamoja, na huenda akakuta kwamba kinachomtisha ni kuasili, jambo ambalo hakuna aliyemwomba alifanye.

Kwa nini si kituoni?

Wapo watakaosema: kuna vituo vya yatima, vina vitanda na wafadhili, kwa nini kuhangaisha kaya maskini? Jibu zito lilitoka Romania. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika taasisi za Bucharest. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa walezi walioandaliwa, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya huko. Waliokwenda kwenye familia waliwapita wenzao kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi. Vitanda vilikuwepo kotekote. Kilichopungua kwenye taasisi ni mtu mmoja ambaye mtoto akilia huja yeye, na kesho huja yeye tena.

Jirani zetu wameshaanza kutembea. Rwanda, ambayo familia zake zilipokea watoto wengi baada ya mauaji ya 1994, ilihesabu mwaka 2012 watoto zaidi ya 3,000 katika makao 33, ikaanza mpango wa kuwarudisha kwenye familia. Walezi wanaojitolea huko huitwa malayika murinzi, yaani malaika walinzi, jina ambalo mtu anaweza kulibeba kwa fahari zaidi kuliko kambo. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017 na sasa ina mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032.

Tanzania nayo ina mifano. Katika kambi za Kigoma, ikiwemo Nyarugusu, watoto wa Burundi waliovuka mpaka peke yao kuanzia mwaka 2015 waliwekwa kwenye familia za wakimbizi wenzao, watu waliokuwa na hema na mgawo wa chakula tu. Lushoto, ukipanda kutoka Mombo, makao ya watoto ya Irente ya Kanisa la Kilutheri yamekuwa yakipokea vichanga, wengi wao waliofiwa na mama, kwa nia ya kuwarudisha kwa ukoo wakishakua kidogo. Makao ya taifa ya Kurasini jijini Dar es Salaam na Kikombo mkoani Dodoma yataendelea kuhitajika, kwa kuwa wapo watoto ambao kwa muda hawana pengine pa kwenda.

Na barabara kuu hukumbusha kwamba ukoo mzima unaweza kupungukiwa kwa usiku mmoja. Februari 3, 2023, huko Magila Gereza wilayani Korogwe, gari dogo la abiria lililobeba mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda mazikoni Kilimanjaro liligongana na lori. Watu wasiopungua 17 walifariki, wengi wao wa familia moja. Desturi inayosema "shangazi atamlea" hudhani kwamba shangazi hakuwa ndani ya gari.

Basi la kushoto

Turudi kwa mtoto wetu wa kuwaziwa. Tuseme afisa ustawi amepiga simu wilaya kwa wilaya, na baada ya miezi minne bibi wa mlimani amepatikana katika kijiji kimoja cha Lushoto. Nyumba imekaguliwa. Bibi ana nguvu, na mjomba aliye karibu ameahidi mbele ya mtendaji kusaidia shamba. Mtoto atarudi.

Mama lishe amejua kwa wiki mbili. Amemwambia mtoto kidogo kidogo, si siku ya safari. Wamekwenda pamoja shuleni kuchukua barua ya uhamisho, na zahanati kuchukua karatasi za chanjo na matibabu. Kwenye begi kuna nguo tatu, daftari la hesabu lenye alama za vema, na picha iliyopigwa mbele ya banda la chakula ambayo nyuma yake imeandikwa namba ya simu kwa kalamu ya bluu, tarakimu kubwa ili hata asiyesoma vizuri aweze kuzinakili.

Saa nne asubuhi wamesimama kando ya barabara, mama lishe, afisa na mtoto. Basi la Dar linaingia, kondakta anapaza sauti, wa Tanga wanashuka. Wauza mayai wanakimbia na ndoo zao. Mama lishe anamwita mmoja, ananunua manne, anayafunga kwenye karatasi pamoja na chumvi na kuyaweka mapajani mwa mtoto aliyekwisha kuketi dirishani.

"Mawili yako, mawili ya Bibi," anamwambia. "Usiyale yote kabla ya Mombo."